Matendo ya Furaha Nyumbani kwa Modesta

Jogoo wa akina Modesta alikuwa mvivu kuliko majogoo wote wa Kinole. Kila alfajiri Modesta, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyemwamsha jogoo. Alikoka moto, akakoroga uji, kisha akampa mama yake, Scholastika, dawa ya maumivu waliyopewa hospitalini mjini Morogoro. Baada ya hapo akafagia uwanja.

Jumamosi hiyo alifagia mara mbili. Wakatoliki wa kitongoji chao husali rozari kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa ya kwao. Alitandika mikeka yote, hata ule uliotafunwa na mbuzi.

Aliyetangulia kufika ni Mjomba Joseph, fuko la unga begani. Tangu baba afariki, unga wa mjomba ndio uliowaweka hai. Tena kwa Waluguru, mjomba akisema, ukoo umesema.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimetoka kwa mganga. Anasema mama yako aache dawa za hospitali, na ile rozari imtoke shingoni. Nipe nimpelekee mganga."

"Mjomba, mama mwenyewe hataki."

"Mama yako hana nguvu hata ya kufukuza nzi! Mmesali mwaka mzima, mmevuna nini? Anazidi kukonda tu." Akaketi kwenye kigoda. "Haya, tuwangoje hao wenzenu. Akija hata mmoja, nanyamaza. Wasipokuja, unanipa rozari. Ukikataa, unga huu narudi nao, na msinitafute tena."

Wakangoja. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukashuka tena, watu hawakuonekana. Maneno kwamba nyumba ile ina mkosi yalikuwa yamebisha hodi kila mlango. Aliyetokea ni Mwanvita tu, rafiki wa Modesta wa darasani, amebeba kichane cha ndizi.

"Mikeka yote hii! Mmefungua duka?" alitania, kisha akauona uso wa Modesta, akaziweka ndizi chini.

"Huyo ni Mwislamu, si wenu," alisema Mjomba, akanyoosha mkono. "Lete."

Modesta akaingia ndani. Mama alikuwa macho. Vidole vyake viliishika rozari kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake gulioni. Modesta akatoka mikono mitupu.

"Nisamehe, Mjomba. Simvui."

Mjomba akabeba unga wake, akateremka bila kuaga.

Modesta akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza peke yake. Katika rozari, Jumamosi ni siku ya matendo ya furaha, matukio matano ya maisha ya Yesu, na furaha yenyewe haikuwapo hata ya kuazima. Akakwama katikati ya sala. Mwanvita akaketi mlangoni.

"Sala zenu sizijui," alinong'ona, "lakini kukaa najua."

Modesta alikuwa ameendelea hadi tendo la tatu Mwalimu Severini, katekista, alipoingia na tope hadi kifuani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Huo mteremko umenipigisha magoti kabla ya wakati," alisema.

Modesta akamweleza yote, akilia. "Mwalimu, nimesali na mama haponi. Sasa hata unga hatuna. Nimepata nini?"

Mzee akaketi kando yake. "Sitakudanganya kwamba atapona. Waganga wa hospitali wamesema, nami nimesikia. Imani si kidonge kwamba umeze, ungoje nafuu. Tendo la tatu ni lipi?"

"Kuzaliwa kwa Bwana."

"Wapi?"

"Zizini."

"Wala godoro hawakuwa nalo. Na bado tunaliita la furaha, kwa kuwa Mungu alikuwa humo humo, pamoja nao. Kushika imani, mwanangu, ni kutomwachia mkono Mungu hata siku ambayo hupati kitu. Dawa za hospitali msiziache, hizo nazo ni msaada wake. Unga tutachanga. Na hao waliokimbia mkosi, leo hii nitapita kwao mmoja mmoja, na tope langu hili hili."

Mama akafumbua macho. "Mlifika Salamu Maria ya ngapi?"

"Sikumbuki, mama."

"Basi anzeni upya," alisema Scholastika kwa shida. "Mimi siendi popote bado."

Mwanvita akasogea, mzee apate pa kupiga magoti.