Vidonge vya Mama, Vidonge vya Babu

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi yangu. Mama akiwa ameshakaa kwenye cherehani, nilimpelekea maji na kidonge kimoja kutoka kwenye kichupa chake, nikaweka alama kwenye kadi yake ya dawa. Kisha nilimpelekea babu, baba yake mama, kidonge chake cha kisukari. Katikati nilisimama dirishani kutazama vumbi la vitambaa likielea kwenye mwanga, na mawazo yakaenda zake. Ndiyo maana babu aliniita Mawingu.

"Mawingu, shuka," alikuwa akisema. "Huku chini watu wana kiu."

Mama hakuwa mgonjwa. Lakini bibi, na baadaye mama mkubwa, walikufa kwa saratani ya utumbo, na daktari alisema ugonjwa huo unatembea katika ukoo wetu. Wataalamu walikuwa wakichunguza kama dawa ya kisukari, hiyohiyo ya babu, inaweza kuwakinga watu kama mama. Nusu ya waliojiunga, mama akiwa mmoja wao, walipewa dawa yenyewe. Nusu walipewa vidonge vinavyofanana nayo kama mapacha, ila havina dawa ndani. Nani anameza nini, hata muuguzi hakujua.

Jambo hilo lilininyima raha. Darasani niliota macho wazi: cherehani imefunikwa shuka, chumba kimya, mama hayupo. Niliogopa mno. Vidonge vya babu vilikuwa vya uhakika, vya mama vya kubahatisha. Basi asubuhi moja nilivibadilisha mkononi. Mama akameza cha babu, babu akameza cha mama. Nikafanya hivyo siku kumi.

Siku ya kumi na moja alikuja muuguzi wa utafiti kumpima mama. Babu alikuwa amekunywa maji tangu asubuhi na bado analalamika kiu.

"Nipime na mimi, binti," alitania, "nisionekane mtoto wa kambo."

Muuguzi alimchoma kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena. "Sukari imepanda sana. Babu, dawa unameza?"

"Kila siku. Mawingu ndiye daktari wangu."

Alisema kwa fahari, na fahari ile ndiyo iliyonishinda. Nililia, nikaeleza yote.

Mama alisimamisha cherehani. "Ungeniulia baba yangu," alisema taratibu. Afadhali angenifokea.

"Amesema mwenyewe," babu alinitetea. "Mwache apumue kwanza."

"Kwa hiyo mama anameza vya bure, visivyo na dawa?" nilimuuliza muuguzi.

"Sijui. Sukari hupanda kwa sababu nyingi. Lakini hata hivyo si vya bure. Wote wakimeza dawa, tutawalinganisha na nani? Na kadi ikidanganya, tutawadanganya watu wengi."

Siku hiyohiyo babu alipelekwa kwa daktari, akarudi kwenye dawa yake. Muuguzi aliripoti kosa langu, na wiki mbili nzima tulikaa roho juu, hatujui kama mama ataondolewa kwenye utafiti. Hatimaye muuguzi alirudi na jibu. Sukari ya babu ilikuwa imeshuka, na mama aliruhusiwa kuendelea, mradi siku zile kumi ziandikwe kama zilivyokuwa.

Mama alinipa kalamu niziandike mwenyewe.

"Mama, nilitaka usife," nilisema.

Alinivuta karibu, vipande vya uzi vikiwa bado vimemganda begani. "Najua. Lakini mwanangu, mapenzi yanayojificha huumiza. Ukiogopa, niambie, tuogope pamoja. Na ujue kitu kimoja: utafiti huu sikuingia kwa ajili yangu. Damu ya bibi yako iko ndani yangu, na huenda iko ndani yako pia. Siku utakapokuwa mtu mzima na kumuuliza daktari kama dawa hii inakinga, nataka akujibu ukweli."

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo, mimi niliyewaza kila kitu. Nikaandika, siku moja baada ya nyingine, mpaka zote kumi zikatimia.