Fundo Lililokataa Kufunguka

Mwizi huyu hakuacha maiti. Aliacha mchanga.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Bi Agnesi, mpishi mkuu wa Sekondari ya Bweni Nyarusimba, alimimina gunia la maharage kwenye ungo. Zikamwagika pumba za mpunga zilizochanganywa na mchanga wa ziwani. Akautazama ungo. Akalitazama gunia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepika miaka ishirini akidhani ameona yote, "Haya, leo tunapika ufukwe."

Inspekta Hamdani wa polisi Ujiji alifika saa tano na robo, kwa miguu. Gari la kituo lilikuwa limekwenda Kibirizi kuwapokea wakimbizi walioshuka na boti. Mwaka ule kila gari la serikali mkoani Kigoma lilikuwa na kazi hiyo, na maaskari wanene walipanda mwinuko wa Kasingirima kwa magoti waliyopewa na Mungu. Konstebo Wema alikuwa mbele yake hatua ishirini.

"Ungeniacha nife njiani," Inspekta alisema akihema.

"Nilitangulia kulinda eneo la tukio, afande."

Mkuu wa shule, Mwalimu Bonaventura, aliwapokea langoni akiwa na jibu tayari mfukoni.

"Magunia manane, Inspekta, kati ya arobaini. Tumeyachoma yote kwa bambo, kile chuma cha kutolea punje za kukagua, manane yana mchanga. Na ufunguo wa stoo uko kwa mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Bursa wetu, Bi Melania Ndayikunda." Mkuu akashusha sauti. "Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa bado mgongoni. Sasa ndugu zake wamejaa ufukweni na njaa. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema, Mwalimu."

Mambo yalikuwa yamebana. Jumatatu kidato cha nne wangeanza mtihani wa taifa. Mkuu alikuwa ameamuru stoo nzima isiguswe mpaka mwizi apatikane. Bila chakula, bweni lingefungwa na watoto mia nne wangerudi makwao. Afisa elimu alikuwa ametuma ujumbe kwamba angefika saa tisa alasiri. Kama hapangekuwa na mwizi mwingine, Bi Melania angeondoka na pingu, na kazi yake ya miaka tisa ingeishia hapo.

Inspekta alimkuta ofisini kwake, mama mfupi aliyechomeka penseli kwenye nywele. Mezani kulikuwa na donge la nyuzi kubwa kama boga.

"Ufunguo uko wapi?"

"Shingoni."

"Usiku je?"

"Shingoni. Mume wangu alishazoea."

"Kuna mtu umewahi kumwazima?"

"Hata Mkuu hajawahi. Muulize, bado amenuna."

Muuza kuni akachungulia mlangoni. "Mama Bursa, mzigo niushushe wapi?"

"Nyuma ya jiko. Yale magogo mabichi uliyoyaficha chini, rudi nayo." Muuza kuni akatoweka. "Endelea, Inspekta."

"Watoto watakula nini leo?"

"Nimepeleka madumu matatu ya mawese ya shamba la shule kwa wenye dagaa Kibirizi, tubadilishane. Dagaa wanafika saa sita. Kengele ya chakula inalia saa saba kamili, kama kila siku."

"Mama, unatuhumiwa wizi, nawe umekaa unapanga chakula cha mchana?"

"Wewe peleleza, wao wale. Hizo ni kazi mbili."

Hamdani alikuwa amehoji majambazi wenye bunduki na wachawi wenye mawakili. Hakuwahi kumhoji mtu akawekwa kwenye foleni pamoja na muuza kuni. Akajikuta anaketi vizuri zaidi kwenye kiti.

"Na donge hili?"

"Uzi wa kushonea midomo ya magunia. Ni mali ya serikali, hautupwi. Nafunga fundo la kuvuta. Ukivuta ncha, mshono wote unafumuka, uzi unarudi hapa. Tangu nifike, kisu hakikuwa kimeingia stoo yangu mpaka leo."

Inspekta akaligeuza donge lile kwa mikono miwili. Kisha akainuka, magoti yakalalamika, akaenda moja kwa moja jikoni.

"Bi Agnesi, gunia lile ulilifunguaje?"

"Nilivuta ncha kama kawaida, likakataa. Nikadhani ni uzee. Nikalivuta tena, likakataa. Bursa akiwa amesimama pale mlangoni na ufunguo wake, nikaja kuchukua kisu."

"Bursa alisemaje?"

"Aliuangalia ule uzi uliokatwa kama mtu aliyefiwa."

Wote wakamfuata stoo, Mkuu na Bi Melania nao. Ilikuwa safi kuliko kituo cha polisi. Hamdani alichuchumaa mbele ya magunia saba yaliyobaki ya mchanga. Kila mdomo ulikuwa umefungwa kwa fundo dogo, gumu kama punje ya hindi kavu, la kuzidi kukaza kila linapovutwa. Akajaribu kuinua gunia moja, kisha moja la maharage. Uzito ulikuwa uleule.

"Aliyepima hivi ana bega la kazi," alisema. "Wema, dirisha je?"

"Wavu wa waya ulifunguliwa kwa nje, afande, ukafungwa upya kwa uzi. Ni uzi wa nyavu, na fundo ni lilelile. Kifua cha mtu kinapita, na debe linapita. Gunia zima halipiti."

"Kwa hiyo maharage yalitoka kwa debe na mchanga ukaingia kwa debe. Ufunguo haukuwa na kazi." Akamgeukia Bi Melania. "Magunia haya yalikuwa mbele hivi?"

"Tangu Jumamosi. Kila Jumamosi ya pili wanafunzi wanageuza rundo, ya nyuma yanakuja mbele, yasishike unyevu wa ukutani. Kabla ya hapo manane hayo yalikuwa nyuma kabisa."

Inspekta alianza kucheka polepole, tumbo likitangulia.

"Mwalimu Bonaventura, ungekuwa mwizi, mchanga wako ungeuweka wapi?"

"Nyuma. Ili yafikiwe mwisho."

"Na kama wewe ndiye uliyepanga rundo ligeuzwe kila baada ya wiki mbili?"

Mkuu akamtazama Bi Melania.

"Bi Melania ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye angeuweka mchanga pale," alisema Hamdani. "Tunamtafuta mtu asiyejua utaratibu wake. Nani hapa hajawahi kuona rundo likigeuzwa?"

"Kila mtu ameona," alisema Bi Agnesi. "Hata mbuzi wa Mwalimu ameona."

"Mchana kila mtu ameona. Na anayefanya kazi usiku?"

Bi Agnesi akaweka mwiko chini. "Usiku yupo Leonardi."

Mlinzi Leonardi aliletwa kutoka kwenye kibanda chake cha langoni, macho bado mazito. Alikuwa mvuvi wa Kagunga kabla ya kupata kazi ya ulinzi, mtu wa miaka hamsini, mabega mapana kama mlango.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Ulipolinda wiki hizi, umeona nini?"

"Sikuona kitu, mzee."

Hamdani akampa gunia tupu na kipande cha uzi. "Nifungie mdomo huu, vidole vyangu vimekufa ganzi."

Mikono ya Leonardi ilifanya kazi kabla kichwa hakijaulizwa. Pitisha, zungusha, kaza. Konstebo Wema akaliweka fundo lile kando ya vielelezo vyake. Hapakuwa na haja ya kuinama kuangalia.

"Mikono yako imetoa maelezo kabla ya mdomo," alisema Inspekta, naye hakuwa akicheka tena. "Nakuonya, Leonardi. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi."

Leonardi akalitazama fundo. "Andika, mzee."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Siku tatu mfululizo."

"Maharage yako wapi?"

"Saba yapo nyumbani kwangu. Moja limeliwa."

"Na nani?"

"Watu kumi na tisa."

Akasimulia akiangalia sakafu. Zamani boti yake ilizama, upepo ukamtupa upande wa Burundi, mguu umevunjika. Mtu mmoja aitwaye Ciza alimlaza kwake miezi mitatu, akamlisha, hakumuuliza hata dini yake. Sasa Ciza alikuwa ameshuka Kibirizi na familia na majirani, kambini hawajaandikishwa bado.

"Alikuja mpaka mlangoni kwangu," alisema Leonardi. "Hakuomba. Alisimama tu."

"Kwa nini manane?"

"Sikujua watakaa siku ngapi. Mwezi ukiingia gizani ningekwenda kuvua dagaa, niuze, nirudishe. Nilidhani ya nyuma yatafikiwa mwisho."

Bi Melania akasogea. "Kwa nini hukuniuliza, Leonardi?"

"Wewe, Mama Bursa?" Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Nakaa langoni. Nasikia wanavyosema. Ungenipa hata kibaba kimoja, wangesema Mrundi anawalisha Warundi chakula cha serikali. Nikasema bora niibe, jina lako lisiwemo."

Mwalimu Bonaventura alipata kitu cha kuangalia kwenye viatu vyake.

"Umeiba ili mimi nisituhumiwe."

"Ego, mama. Ndivyo."

"Leonardi. Ufunguo ni mmoja."

Mlinzi alifikiri. Uso ukambadilika taratibu, kama mtu anayeona maji yanaingia botini.

"Hilo sikulifikiria," alisema.

Bi Melania akachomoa penseli kichwani. "Hao kumi na tisa, wenye nguvu ni wangapi?"

"Saba."

"Nyuma ya jiko kuna magogo, na kibali cha vibarua wa kupasua ninacho tangu Januari. Anayepasua anakula hapa na anabeba sahani za watu wake. Waingie kwa lango la mbele, mchana, kila mtu awaone. Barua ya kuwatambulisha ataandika Mwalimu."

"Nitaandika," alisema Mwalimu Bonaventura. Akakohoa. "Na kwa Afisa elimu pia nitaandika. Kwa mkono wangu."

"Na mimi, mama?" aliuliza Leonardi.

"Wewe umeiba. Nenda na Inspekta. Siku ya kesi nitakuja, nitaeleza yote, pamoja na mchanga." Akamgeukia Hamdani. "Nyuzi hizo nane unazichukua?"

"Ni vielelezo, mama."

"Andika idadi na urefu wake. Kesi ikiisha zirudi. Na mtuhumiwa wako ale kwanza. Zamu ya mlinzi ina chakula chake, na hajachukua cha leo."

Inspekta Hamdani, ambaye kwa kawaida hakupokea amri za mtu chini ya Kamanda wa Mkoa, akaandika: nyuzi, nane. Akampa Wema kamba ya kupimia urefu.

Kengele ikalia. Harufu ya dagaa ilikuwa imeshajaa uwanja, na watoto mia nne walikuwa wanajipanga na sahani zao.

Hamdani akaangalia saa yake ya mkononi. Ilionyesha saa saba kasoro dakika mbili.

Akaitazama kengele, akamtazama yule mama mfupi anayehesabu miiko kwa macho, kisha akaivua saa yake na kuisogeza mbele dakika mbili.