Suyai na Kiatu Kilicholowa

Jumamosi ile Suyai aliwalisha kuku mbiombio, akapanga kuni kando ya jiko, kisha akaketi mlangoni, viatu tayari miguuni. Majira yote ya baridi alikuwa akimsihi shangazi yake, Herminda, ampeleke kwenye ziwa dogo lililo juu ya mlima wa Cholila. Sasa Septemba ilikuwa ikiisha, vijito vimeanza kububujika, na shangazi amekubali.

Binamu yake Eliseo alifika akitafuna mkate wa kukaanga. Shangazi aliwapa sharti moja tu: atakayelowa aseme papo hapo, maana huko juu theluji haijaisha.

Walipanda wakicheka. Walipofika kwenye kijito, shangazi alivuka akaendelea mbele. Eliseo naye aliruka, akageuka kumtania binamu yake.

"Subiri shangazi arudi akubebe mgongoni, kitoto we!"

Suyai aliruka kwa hasira. Jiwe likateleza, na mguu wake wa kulia ukazama hadi kifundoni. Maji yalikuwa baridi kama kisu.

"Usimwambie," alinong'ona. "Ataturudisha nyumbani."

Eliseo alinyamaza, ingawa hakupenda.

Mara theluji ya kwanza ikaonekana vivulini mwa miti. Watoto wakarushiana mabonge, wakatumbukia hadi magotini, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Suyai alisahau kabisa mguu wake. Alipoukumbuka, hakuusikia tena. Alikunja vidole ndani ya kiatu. Ikawa kama anakunja vidole vya mtu mwingine. Akajikwaa, akainuka, akajikwaa tena.

Kilima kimoja tu ndicho kilichobaki. Nyuma yake lilikuwa ziwa.

"Utasema wewe au niseme mimi?" Eliseo aliuliza. Safari hii hakuwa akitania.

Suyai alikitazama kile kilima, machozi yakimlengalenga. Kisha akaita, "Shangazi, nililowa kule kijitoni. Sasa siusikii mguu."

Herminda alirudi upesi. Alimkalisha juu ya mwamba, akamvua kiatu na soksi. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Alifungua koti lake, akaubana ule mguu tumboni, chini ya sweta. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu maumivu yakaja, makali kama moto, na Suyai akalia.

"Lia tu," shangazi alisema. "Damu inarudi."

Wekundu uliporejea, shangazi alitoa soksi kavu mfukoni mwa shanta, akamvisha, akaufunika mguu kwa mfuko wa plastiki wa mikate kabla ya kuurudisha kiatuni.

"Nilidhani utaturudisha," Suyai alisema.

"Soksi hizi nilizibeba kwa ajili ya kijito kile kile. Ungesema pale pale, tungebadilisha na kuendelea. Ungenyamaza mpaka jioni, labda daktari angekata vidole. Mwanangu, siwezi kukusaidia kwa jambo ulilonificha. Ukikosea, sema mapema, likiwa bado dogo."

Suyai aliitikia kwa kichwa. Shangazi akakipima kile kilima kwa macho, akasema watalitazama ziwa mara moja kisha washuke.

Walipanda polepole, Suyai katikati, wamemshika mikono. Mbele yao ziwa likafunguka: nusu barafu ya kijivu, nusu maji ya buluu, theluji imelizunguka. Ghafla barafu ikapasuka kwa mshindo mkubwa, ufa ukakimbia kutoka ukingo hadi ukingo, na bata wawili wakaruka angani.

Suyai alikuwa akiruka-ruka kwa miguu yote miwili.