Leso ya Fundi Saa

Saa nne asubuhi Mtaa wa Aggrey huwa haupitiki. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, Kariakoo ilikuwa ikishushiwa kila kitu kinachotengenezwa duniani, na vingi viliishia kwenye duka la Jaimin: redio, pasi, feni na, mwaka huo, kamera zisizotumia filamu. Muuzaji wa kamera alikuwa Zamzam. Siku hiyo alivaa baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi na mtandio wa rangi ya limau, na alikuwa amekwishachoshwa na watu wa kushika bila kununua. Ndipo kijana mmoja mrefu, shati lake limenyooshwa vizuri, alipojipenyeza katikati ya wanunuzi wa pasi na kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna kamera inayoweza kuona kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

"Kitu gani hicho?" Zamzam akauliza.

Kijana akafungua leso nyeupe aliyoibeba kama mtu aliyebeba yai. Ndani mlikuwa na saa ya mkono ya zamani, uso wake umepauka kidogo, mishale yake myembamba kama nyuzi.

"Humu ndani kuna namba," alisema. "Mnunuzi yuko Ujerumani. Anataka kuiona kwanza."

Jina lake Nassibu, fundi saa. Alifanya kazi kwenye karakana ya Mzee Jitendra kule Kisutu. Saa ambazo watu walizitupa kwenye droo tangu enzi za babu zao, yeye alizinunua, akazifufua, kisha akaenda kwenye mkahawa wa intaneti na kuwatafuta wageni wanaozipenda. Shida ilikuwa picha. Kamera yake ya filamu ilimletea saa zenye ukungu mtupu, na hakuna mtu wa Ujerumani anayenunua ukungu.

Zamzam alijua jibu palepale. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kamera moja nene, isiyo na sura, ambayo wateja waliipita bila kuitazama. Ilikuwa na kitufe chenye alama ndogo ya ua. Ukikibonyeza, kamera inakubali kusogea karibu na kitu kwa urefu wa kidole gumba na bado ikaona kila mkwaruzo. Nyingine zote, hata zile za bei mbaya zenye namba kubwa kubwa ubavuni, zilihitaji kusimama mbali. Kazi yake ilikuwa kuishusha tu ile kamera, kupokea hela na kumwita mteja mwingine. Badala yake alijisikia akisema kwamba kuna mzigo unakuja kutoka Dubai, apitie Jumanne.

Kwa nini alisema hivyo? Hata mwenyewe hakujua. Aliufikiria uongo ule mchana kutwa, akaudhika, halafu Jumanne ilipofika akavaa mtandio mpya.

Nassibu akaja Jumanne, akaja Alhamisi, akaja na wiki iliyofuata. Mzigo wa Dubai ulichelewa kwa namna ambayo Jaimin mwenyewe angeshangaa kuisikia. Wakati wakiusubiri walijaribu kamera zilizopo, moja baada ya nyingine. Kioo cha kaunta kilirudisha mwanga, kwa hiyo saa ikawekwa kwenye kiganja cha Zamzam. Taa ya kamera iliunguza uso wa saa ukawa mweupe pe, kwa hiyo Zamzam akamfundisha kuizima na kusogea mlangoni penye mwanga wa jua, huku karatasi nyeupe ikikinga upande mmoja. Kijana akaanza kumwita mwalimu. Naye Zamzam akamwita fundi, na alipenda jinsi kijana alivyogeuka kila akiitwa.

"Mkono wako unatetemeka, mwalimu," Nassibu alimwambia siku moja, jicho lake likiwa kwenye kamera.

"Unatetemeka wako."

"Basi tusipumue wote."

Wakaacha kupumua. Picha ilitoka na ukungu vilevile.

Siku mvua iliponyesha Nassibu alimbebea mfuko wa unga mpaka mlangoni kwao, Mtaa wa Swahili, na njia nzima walizungumzia alama za ua na kadi za kuhifadhia picha. Hakuna aliyesema neno jingine. Zamzam alilala na mawazo yamemchanganya. Mwanamume anayetaka kamera hununua kamera. Mwanamume anayetaka mtu husema. Huyu alikuwa anataka nini?

Jibu lilikuja Alhamisi moja, au ndivyo ilivyodhaniwa.

Siku hiyo Jaimin alifunga duka mapema kwa ajili ya Diwali, na Zamzam akapitia sokoni. Aliporudi alimkuta shangazi yake, Bi Swaumu aliyemlea, amekaa barazani na uso wa mtu aliyeficha jambo jema.

"Kuna leso imeletwa," alisema.

Zamzam akaweka kikapu chini. Katika nyumba kama yao, neno hilo halikuhitaji maelezo. Posa huandikwa kwenye karatasi, ikatiwa bahasha, ikafungwa ndani ya leso nyeupe na kuletwa kwa wazazi wa binti. Shangazi akaeleza kwamba kijana mmoja mrefu, mwenye adabu zake, alipiga hodi, akaamkia, akatoa leso kwa mikono miwili. Ndani yake palionekana bahasha na kitu kizito kidogo, bila shaka kishika uchumba. Akasema ni ya Zamzam, anaharakisha kuwahi basi la Tanga kwa mama yake mgonjwa, na atarudi Jumapili.

"Kijana kujiletea posa mwenyewe sijapata kuona," Bi Swaumu aliongeza. "Lakini watoto wa siku hizi, tutafanyaje."

Leso ilikuwa imekwishafungiwa kabatini kati ya kanga. Haifunguliwi mpaka wazee wakae, na Mzee Abdulkadiri, baba mkubwa, alikuwa amepigiwa simu Bagamoyo. Zamzam akaenda chumbani, akakaa kitandani na viatu miguuni. Alikuwa na furaha, kisha hofu, kisha furaha tena, na katikati ya yote hayo swali lilimtekenya: mtu aliyeshindwa kumwambia neno moja wiki tano, ushujaa huo ameutoa wapi?

Ijumaa jioni simu yake ikaita. Alikimbilia uani.

"Umeshaifungua?" Nassibu aliuliza baada ya salamu.

"Mimi siifungui, fundi. Wazee ndio wanaofungua."

"Wazee gani?"

"Baba mkubwa anakuja Jumapili. Shangazi ameshanunua mchele."

"Zamzam," alisema taratibu, "ile ni saa."

Akaeleza kwa kubabaika. Mnunuzi alikuwa amempa mpaka Jumatatu. Simu ya mama ilipokuja alikimbilia dukani, akakuta limefungwa, akakumbuka mlango aliowahi kuufikishia unga. Aliamini Zamzam angefungua, angeona saa, angesoma karatasi yenye mwaka wake, namba yake na vyuma alivyobadilisha, na angempigia zile picha. Kwenye karakana ya Mzee Jitendra hakuna saa inayotoka bila leso safi na bahasha yake. Miaka kumi na moja alikuwa akifunga saa hivyo, na akili yake ilikuwa kwa mama. Leso ya posa haikumpitia kichwani.

Zamzam alitafuta kigoda akakaa. Ndani alisikia shangazi na jirani yao Sitara wakicheka juu ya sinia la mchele.

"Kwa hiyo hukuwa na nia yoyote."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi?"

"Ile kamera nene ya rafu ya juu niliiona siku ya pili tu. Ina ua. Ningekuwa nataka kamera peke yake, ningekwambia uishushe."

Zamzam akainuka kigodani. "Ukanyamaza?"

"Nawe ulinyamaza, mwalimu."

Hapo wangeweza kucheka, na mambo yakaisha vizuri. Lakini Zamzam akamuuliza Jumapili atawaambia nini wazee, na Nassibu akaanza kujitetea. Alisema alikuwa analala nyuma ya karakana, godoro chini, saa arobaini ukutani. Hana chumba cha kumwingiza mke. Alikuwa anasubiri kwanza mambo yakae sawa ndipo aseme.

"Basi Jumapili usije," Zamzam alisema, akakata simu. Ililia mara tatu, hakuipokea.

Jumamosi ilikuwa ndefu. Mara mbili alifungua mdomo kumwambia shangazi ukweli, na mara mbili Bi Swaumu alimuuliza kama ukwaju unatosha. Alimpenda Nassibu, hilo sasa alilijua wazi, na lilimuuma kulijua siku hiyo hasa. Kesho baba mkubwa angefungua bahasha mbele ya watu na kusoma kwa sauti habari za vyuma vya saa. Mtaa mzima ungecheka. Na hata kicheko kile hakikumtisha kama kufikiri kwamba Nassibu angekaa Tanga mpaka kiishe.

Jumapili baada ya adhuhuri sebule ilijaa harufu ya pilau na udi. Mzee Abdulkadiri, kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, alikuwa ameshika bahasha na anatafuta miwani yake, hodi ikapigwa. Zamzam na shangazi walikuwa nyuma ya pazia la ukumbi. Zamzam aliona viatu kwanza, vina vumbi la safari; kisha suti ya Kaunda ya kijivu ya mzee mfupi wa Kihindi aliyefuata nyuma.

"Shikamoo, mzee," alisema Nassibu.

"Marahaba."

"Naomba niseme kabla hamjafungua. Leso hiyo niliileta mimi, na haikuwa posa. Ni saa ya kupigwa picha. Kosa ni langu, Zamzam hahusiki."

Sitara, aliyekuwa jikoni, aliacha kukoroga. Mzee Abdulkadiri akaiweka bahasha juu ya sinia polepole.

"Kwa hiyo umefuata saa yako."

"Hapana, mzee. Nimekuja na mshenga."

Mzee Jitendra akasogea. Alisema amezaliwa Kisutu, na kwamba kijana huyu alikuja kwake akiwa mdogo na hajawahi kumdanganya hata kuhusu skrubu moja. Kisha akatoa mfukoni leso nyingine, mistari ya pasi bado inaonekana, na bahasha ndani yake. Baba mkubwa akamtazama Mzee Jitendra juu mpaka chini. Mshenga wa namna hiyo alikuwa hajawahi kuingia nyumbani mwao. Akamgeukia Nassibu na kumuuliza ana nini. Nassibu akasema kweli tupu: ana kazi, ana mikono, hana chumba. Alikuwa anaomba wampe mwaka mmoja.

Nyuma ya pazia, Zamzam alijikuta analia bila sauti. Huyu mtu angeweza kubaki Tanga. Alipanda basi la alfajiri, akaja kusimama mbele ya wazee wasiomjua na kujitia aibu kwa mdomo wake, halafu akaomba.

Bi Swaumu akamgeukia. Kwa desturi binti huulizwa, huinamisha kichwa, hunyamaza, na ukimya wake hupelekwa kwa wazee kuwa ndiyo yake. Zamzam alifundishwa hivyo tangu anavunja ungo. Lakini alikuwa amenyamaza wiki tano nzima, na Nassibu naye vilevile, na tazama walikofika.

"Mwaka ni mwingi," alisema kwa sauti, kupitia pazia. "Miezi sita."

Shangazi alimfinya mkono, hakujali.

"Kumi," sauti ya Nassibu ikajibu.

"Saba. Na chumba nitatafuta mimi, wewe hujui kutafuta."

Mzee Abdulkadiri alivua kofia yake, akajifuta uso nayo, mabega yakimcheza. Alisema tangu azaliwe hajasikia mwari akipatana bei na mchumba wake mbele ya wazee, na kwamba hayo ndiyo malipo ya kumwacha mtoto wa kike aajiriwe Kariakoo. Kisha akamwambia Nassibu ajibu, asimwache binti amesimama.

Neno la kukubali siku zote ni la binti. Siku hiyo lilisemwa na Nassibu, akilitazama pazia.

"Nimekubali," alisema.