Abiria wa Kiti cha Nyuma

Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa. Wanaosema mambo yalianza kwa mayowe wanatia chumvi. Yalianza kwa mkanda tu, umekazwa vizuri juu ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia, na Daktari alipoufungua baada ya kutua aliukuta umelowa. Alinusa vidole vyake. Vilinuka tope, lile tope jeusi la kisima kilichoachwa kuchotwa.

"Chupa ya maji imevuja," alimwambia mkewe.

Chupa ya maji ilikuwa mikononi mwa mkewe, imejaa mpaka shingoni. Mkewe akaitazama chupa, akamtazama mume.

Daktari huyu alikuwa wa meno. Mcheshi, mtu wa watu, mdomo haumtulii hata wa mgonjwa ukiwa wazi. Urubani alijifunza ukubwani, akanunua ndege kuukuu ya viti vinne, akang'oa kimoja cha nyuma apate pa kuweka mizigo, maana kung'oa ndiyo kazi aliyoijua. Vikabaki vitatu. Mkewe alikuwa mfamasia, na mawifi zake walimwita Mama Bado. Kila walipomuuliza, "Vipi wifi, tayari?" alijibu, "Bado." Mimba zilishika na kutoka, zikashika na kutoka, na wao wakapata cha kuchekea kwenye harusi za watu. Jina likamganda. Hata mume alilitumia siku akijisikia utani, na mke akacheka naye, kwa sababu angefanyaje?

Safari hii mimba ilikaa. Ilivuka ile miezi ya hofu, tumbo likachomoza, mtoto akaanza kucheza. Mama Bado akawa analala kwa ubavu, mkono tumboni, hataki hata kupiga chafya kwa nguvu.

"Likizo hii ya kiangazi tutembee," mume akasema. "Tutue ziwani, tutue milimani, tuione dunia kabla hajaja huyu wa kutunyima usingizi."

"Mimi niache nyumbani, baba. Nimtunze huyu."

"Utakaa mpaka uote mizizi! Daktari wako ameshakuruhusu. Au huniamini mimi?"

Swali hilo wanaume wanalipenda, kwa kuwa halina jibu. Mama Bado alifunga mizigo.

Kituo cha kwanza kilikuwa uwanja mdogo wa changarawe, kibanda kimoja, matangi ya mafuta, na redio ambayo mwanamke mmoja wa makamo aliishika miaka mingi mpaka watu wakamwita Mama wa Redio. Walijaza mafuta, wakanywa chai, wakapanda. Daktari akaiwasha ndege. Ikabaki kawaida ya uwanja huo: kabla ya kuruka, rubani anataja walio ndani, ili ikianguka wajue wanatafuta maiti ngapi.

"Wangapi ndani?" Mama wa Redio akauliza.

Daktari akamkonyeza mkewe. "Watatu."

"Nimewaona wawili, Daktari."

"Watatu, mama. Mmoja bado hajatoka tumboni, lakini kiti chake kipo nyuma, kinamsubiri."

"Futa hiyo." Sauti ya mama ilishuka, ikawa ya mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. "Uwanja huu hatutaji asiyekaa kwenye kiti. Futa, sema wawili, kabla magurudumu hayajaacha ardhi."

"Nimeshasema!" Daktari akacheka, akasukuma wenzo wa mafuta, wakaruka.

Ndipo walipotua ziwani, wakaukuta ule mkanda.

Siku iliyofuata waliruka kwenda mji wa milimani, na ndege ilikuwa nzito. Daktari alilaumu joto. Wote wawili walikuwa wamevaa hedifoni, na ya tatu ilining'inia nyuma kwenye ndoano yake. Wenye kupanda ndege hizi wanajua: vipaza sauti vya hedifoni hulala mtu akiwa kimya, na huamka kwa pumzi tu, vikalia tik, halafu ukaisikia pumzi ya mwenzako sikioni kama mko kitanda kimoja. Mama Bado aliisikia tik. Ikafuata pumzi, ndefu, yenye majimaji, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

"Ni wewe?" akanong'ona.

"Nini?"

"Unayepumua."

Daktari akazuia pumzi yake. Mama Bado naye akazuia. Ile ya tatu ikaendelea, taratibu, haina haraka. Daktari akanyoosha mkono nyuma, akauchomoa waya wa hedifoni ya tatu, akauangusha sakafuni. Pumzi ikaendelea vilevile, safari hii karibu zaidi, na harufu ya tope ikajaa ndani, na vioo vyote vikaota ukungu kwa upande wa ndani ilhali jua lilikuwa linawaka nje.

Nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa nzuri, shuka nyeupe, dirisha kuelekea bonde. Walijilaza mchana kupumzika. Mama Bado alipoamka, godoro kati yake na mumewe lilikuwa limelowa, na pale palipolowa palikuwa pamebonyea, umbo la mtu mdogo aliyejikunja. Hakupiga kelele. Alishika kwanza tumbo lake. Mtoto akapiga teke, naye akalia kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja. Halafu akachukua simu akampigia Mama wa Redio, kwa namba iliyokuwa kwenye risiti ya mafuta.

"Nilikuwa naingoja simu hii," mama akasema. "Mwanangu, pale uwanjani palikuwa na kisima. Waliojenga njia ya ndege walikifukia kwa changarawe na mwenyewe akiwa ndani. Jini la maji, halina tena nyumba. Likisikia mtu ametajwa na kiti ni kitupu, linapanda."

"Linataka nini?"

"Pa kukaa tu. Halikuja kumdhuru mtoto wako. Linakaa kwenye nafasi yake, basi. Nileteeni hapa. Mkishagusa ardhi, mtaje wawili, mimi nitalisomea na kulishusha lirudi kisimani kwake. Lakini nisikilize vizuri, na mumeo asikie." Daktari alikuwa ameamka, sikio kwenye simu. "Msitaje wawili mkiwa angani. Huko hakuna pa kulishusha. Ukilikana angani litaanguka, na litaanguka na yule ambaye limekalia nafasi yake. Umenielewa, Daktari?"

"Nimeelewa, mama."

"Na tukirudi kwa barabara?" Mama Bado akauliza.

"Haina maana. Mlipo lipo. Lilipanda ndege, lishuke kwenye ndege. Vumilieni. Likiwagusa, nyamazeni. Ni safari fupi."

Mama Bado alimshika mumewe mikono yote miwili. "Umesikia? Chochote kitakachotokea, usiseme. Niapie."

"Naapa kwa mama yangu mzazi."

"Apa kwa huyu." Akauweka mkono wake tumboni. Daktari akaapa.

Wakaruka. Mkanda wa nyuma ulijifunga wenyewe kabla hata panga la injini halijaanza kuzunguka. Mama Bado alikaza macho mbele, akayahesabu mawingu, akaomba kimoyomoyo kila dua aliyoijua na nyingine alizozitunga, na walipovuka ukingo wa milima akahisi kitu kizito na baridi kikiegemea bega lake kutoka nyuma, kichwa, kichwa chenye nywele zilizolowa, maji yakamchuruzika kifuani yakaingia ndani ya nguo yakapita juu ya tumbo, na ile pumzi ikawa shingoni mwake, na meno yakigongana akajilazimisha kukaa, akakaa, akakaa, kwa kuwa ndani yake mtoto alikuwa bado anacheza. Njia nzima alikibeba kichwa kile. Mumewe hakujua.

Mbele, chini, uwanja wa changarawe ukaonekana. Kibanda. Matangi. Hata Mama wa Redio alionekana, doa dogo lenye kitenge, amesimama nje na redio ya mkononi. Ndege ilikuwa inashuka vizuri, upepo shwari, injini haina neno. Kilichobaki ni kuteremka tu.

Ndipo vidole vyenye maji vilipomgusa Daktari shingoni. Vilimgusa tu. Havikukaba wala havikukwaruza, vilipapasa ukosi wa shati lake kama mtoto anayetaka kubebwa, na yule mwanamume aliyekuwa akiwacheka wagonjwa waoga, aliyemcheka mama wa watu redioni, aliyemwita mkewe Mama Bado mbele za dada zake, akaivamia redio huku mkewe akimng'ang'ania kiwiko na kulia, "Usiseme baba, nakuomba, tumefika, tumefika, mtoto, usiseme," akapiga ukelele uliosikika mpaka kibandani:

"Wawili! Tuko wawili! Wawili tu!"

Ndege ikawa nyepesi mara moja. Harufu ikakatika. Vioo vikakauka. Kwenye hedifoni zilibaki pumzi mbili, na moja ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa ameshika tumbo lililotulia.

"Limetoka," Daktari akasema, akicheka na kulia. "Mke wangu, limetoka!"

Mama Bado alitazama kiti chake. Kilikuwa kinalowa, na hayakuwa maji.

Hospitali ya mji jirani walimtunza mpaka akaweza kusimama. Walikuwa watu wema, walisema maneno ya kawaida: kazi ya Mungu haina makosa, bado ni vijana, watapata mwingine. Mawifi walipiga simu kutoa pole, na mmoja akasikika akiuliza pembeni, "Kwani tena?" Daktari alishinda kando ya kitanda. Alieleza kwamba alidhani wanaanguka. Alieleza tena. Mkewe alimsikiliza bila kumkatiza, na siku ya kuruhusiwa akasema neno lake la kwanza.

"Turudi nyumbani kwa ndege."

"Una hakika? Nimeshatafuta gari."

"Kwa ndege. Pale pale tulipoiacha."

Daktari aliona amesamehewa. Maskini, alimbusu hata mikono.

Mama wa Redio aliwapokea kibandani kwa majonzi, akamkumbatia mwanamke muda mrefu. "Limerudi kwake," akamnong'oneza. "Limelala. Nendeni salama, mwanangu, na msilitaje tena."

"Liko chini ya changarawe, peke yake?"

"Peke yake."

"Maskini," Mama Bado akasema.

Wakapanda. Daktari alisafisha viti vyote, akaning'iniza pafyumu ya gari mbele ya kioo. Akawasha injini, wakajongea mpaka mwanzo wa njia. Alimgusa mkewe goti, na mkewe akamwachia.

"Wangapi ndani?" Mama wa Redio akauliza.

Daktari akafungua mdomo. Lakini upande wa pili wa ndege hizi kuna usukani mwingine, na kwenye usukani huo kuna kitufe kingine cha redio, na Mama Bado alikuwa ameshakibonyeza.

"Watatu," akasema.

"Mwanangu! Futa! Futa, nakusihi!"

"Mke wangu, unafanya nini? Sema wawili, tuko ardhini bado, sema!"

Mama Bado aliukamata mkono wa mumewe uliokuwa ukitafuta kitufe, akaukaza, na kwa mkono mwingine akasukuma mafuta mpaka mwisho. Hakuwahi kurusha ndege, lakini miaka yote alikuwa akimtazama. Changarawe ikaruka, kibanda kikawapita, magurudumu yakaacha ardhi.

Kwenye hedifoni ikalia tik.

Harufu ya tope ikapanda polepole. Daktari alikuwa analia sasa, kwa kwikwi, kama wagonjwa wake, hathubutu kugeuza shingo. Mkewe ndiye aliyegeuka. Alikitazama kiti cha nyuma muda mrefu, kwa uso ambao mumewe hakuwahi kuuona, na akatabasamu.

"Funga mkanda, mwanangu," akasema.

Nyuma yao mkanda ukafungwa.