Jogoo wa Zinga

"Yai gani hili, limetagwa na tausi?"

Soko zima la Bagamoyo liligeuka. Aliyeuliza alikuwa Mwanvita, mpika mkate wa mayai wa mtaa wa Dunda, amejitanda kanga mpya ya kisutu, mkono mmoja kiunoni, na wa pili ameinua yai juu watu walione. Aliyeulizwa alikuwa kijana mrefu asiyemjua, shati jeupe la pasi na kikoi cha bluu, amechuchumaa nyuma ya kapu la mayai yaliyolazwa kwenye pumba.

"La kuku, dada," alijibu kijana. "Tausi wangu wamegoma."

Watu wakacheka. Mwanvita naye alitaka kucheka, akajizuia, maana ukicheka na muuzaji bei haishuki.

Mwaka ule wa hamsini na mbili mayai yalikuwa yamepanda bei mpaka yakawa mazungumzo ya kila mlango. Lori lilikuwa likija kutoka Dar es Salaam, linazoa kila yai kwa ajili ya mahoteli na nyumba za wakubwa, na wenye kuku wakaiona fedha ya lori tamu kuliko ya jirani. Thumuni iliyokuwa ikinunua mayai kumi sasa ilinunua matatu, na hapo uombe Mungu yasiwe viza. Kwa wengine hayo yalikuwa ya kulalamikia tu. Kwa Mwanvita ilikuwa ndiyo riziki yenyewe, maana mkate wa mayai bila mayai utauitaje?

"Nipunguzie, kaka yangu. Nina mkate wa harusi jioni ya leo, na bwana harusi keshanyoa."

"Leo nakupunguzia, kwa ajili ya bwana harusi," alisema kijana. "Lakini kesho utamlilia nani? Lori lipo. Kwa nini hufugi mwenyewe?"

"Mimi? Mtoto wa mjini nifuge kuku?"

"Kwani watoto wa mjini hawali mayai?"

Mwanvita akacheka, safari hii bila kujizuia. Akapokea mayai kwa bei ya zamani, akamwambia Mungu amzidishie, na alipofika njia panda akagundua kwamba hata jina hakumwuliza.

Jina alilileta mwenyewe. Aliitwa Pazi, mkulima wa Zinga, na Jumamosi iliyofuata alipiga hodi nyumbani kwa Shangazi Mwanaharusi, aliyemlea Mwanvita tangu wazazi wake walipofariki. Siku hiyo kavaa kanzu na kofia ya viua, na nyuma ya baiskeli kafunga kuku wawili: tetea wa madoa na jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hao wa kuuza?"

"Wa kuazima. Tetea ameshaanza kutaga. Mkipata vifaranga wenu, nitachukua wangu."

Shangazi alimtazama jogoo, akamtazama Pazi, akamtazama na Mwanvita, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na ukili wa mkeka aliokuwa akisuka.

"Na wewe utakuwa unapita kuwaangalia," alisema.

"Ikiwa si usumbufu."

"Kuwaangalia kuku?"

"Kuku, shangazi."

"Haya. Kuku."

Basi kila siku ya soko Pazi akawa anapita kuangalia kuku. Akaongeza matetea wengine wawili, akawajengea wote banda la fito. Akawaonyesha namna ya kuchanganya pumba na chenga za mchele, na samadi ya kuku akaitandaza nyuma ya nyumba, shangazi akapanda mchicha na bamia. Ikafika siku chakula cha mchana kilitoka uani chote isipokuwa unga na chumvi, na Shangazi Mwanaharusi akainua mikono akashukuru kwa sauti, jirani yake Bi Dija asikie.

"Pazi," alisema Mwanvita siku hiyo, "Mungu akupe kila unachokitaka."

"Ninachokitaka kimo humu humu uani."

"Tetea?"

"Huyo nimekwisha waazima. Mwingine."

Mwanvita akajifunika uso kwa ncha ya kanga. "Unanipenda mimi, au unapenda mkate wangu?"

"Mkate nimekwisha uonja. Wewe bado sija..."

"Pazi! Shangazi anasikia!"

"Sijasikia kitu," alisema shangazi kutoka jikoni.

"Basi nitume mshenga?" Pazi aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

Jibu Mwanvita alikuwa nalo tangu siku ya tausi. Lakini binti wa Dunda akubali papo hapo, watu watasemaje? Akamwonyesha tetea wa madoa, aliyekuwa amejikunyata juu ya mayai kwenye kikapu kikuukuu. "Ameanza kuatamia leo. Vifaranga wakitoka, nakupa jibu."

"Na mayai yakiwa viza?"

"Basi mwombee jogoo wako."

Pazi akarudi Zinga anaimba juu ya baiskeli. Na kwa kuwa furaha haikai tumboni, aliwasimulia wenzake wote wa barazani kwamba anangoja jibu kutoka mjini. Laiti angenyamaza!

Maana huku Dunda palikuwa na tatizo. Bi Dija alikuwa na jogoo wake, mzee, mweusi, mwenye miba miguuni kama kucha za paka, na uchochoro wote ule aliuhesabu ni mali yake. Siku ya kwanza tu alimpiga mgeni mpaka akamtimulia chini ya kinu. Tangu hapo jogoo wa Pazi alikula, alitembea, alifanya yake, lakini sauti hakutoa. Alfajiri ikija jogoo mweusi anawika, mwekundu anatazama chini.

Mwanvita akaingiwa na hofu. Jogoo asiyewika, mayai yake yana kitu ndani? Na yakiwa viza, ahadi itakuwaje? Mwinjuma, mleta mkaa wa kutoka Zinga, alipoteremsha gunia, akamwagiza:

"Mwambie Pazi jogoo wake hawiki mjini. Aje upesi, tafadhali."

Mwinjuma alikuwa mtu mwema, ila ujumbe ukiingia kwake hutoka umepungua. Lile "aje upesi" lilidondoka njiani. Kilichofika barazani Zinga, mbele ya wanaume wote na vikombe vyao vya kahawa, ni hiki:

"Pazi! Mwanvita wa Dunda anasema, jogoo wa Zinga hawiki mjini."

 Baraza likalipuka kwa kicheko. Wengine walishika mbavu, mmoja akamwaga kahawa kwenye kanzu yake. Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa mzito wa masikio, akainua mkono.

"Rudia, Mwinjuma, sikusikia."

Mwinjuma akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Basi umekwisha jibiwa, mwanangu," alisema mjomba wake Pazi. "Jogoo wa shamba hawiki mjini. Wahenga wamesema, na yeye kasema."

Pazi alicheka pamoja nao, maana mwanaume angefanya nini? Akamaliza kahawa yake, akaaga, na alipofika nyumbani alikaa bandani na kuku wake, hataki hata chakula. Alikuwa anampenda Mwanvita mno. Siku ya soko hakwenda. Mayai yake akawauzia watu wa lori, na fedha ya lori akaiona chungu.

Mwanvita alijipaka wanja siku ya soko ya kwanza, akajipaka na ya pili. Baiskeli haikuonekana. Aliposikia kwamba mayai ya Pazi yanapanda lori, akajisemea, kumbe naye ni walewale. Vifaranga wakatoka asubuhi ya Jumapili, kikapu kizima, wekundu wote kama baba yao, na yeye akawatazama huku machozi yanamtoka, hana wa kumwonyesha.

"Si ulimpiga na methali, dada!" Mwinjuma alimwambia alipoleta tena mkaa. "Zinga nzima tulicheka."

"Methali gani?"

"Ile ya jogoo."

Mwanvita alikaa chini. Alikaa juu ya gunia la mkaa, na kanga yake nyeupe. "Ya Rabi! Mwinjuma, mimi nilisema jogoo!"

"Ndiyo, jogoo. Na sasa mjomba wake kamtafutia binti Mbegani. Posa inakwenda Ijumaa. Nimetumwa nimchukue huyo jogoo, achinjwe kwa ajili ya wageni."

"Jogoo hatoki kwa mjumbe. Mwambie aje mwenyewe. Sema nikusikie."

Mwinjuma alisema. Mwanvita akamtaka arudie tena, na tena, kama mtoto wa chuoni, na safari hii ujumbe ulifika mzima.

Alhamisi asubuhi, jua halijapanda, Pazi akapiga hodi. Hakuvaa kanzu. Alikuwa na shati la shamba na uso wa mtu aliyekuja kuchukua chake aondoke.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kumchukua jogoo."

"Marahaba. Huyo hapo. Mwulize kama yuko tayari kuchinjwa."

"Pazi," Mwanvita alitoka jikoni, unga mikononi. "Nilisema jogoo! Huyu, mwenye manyoya! Sikusema methali!"

"Mwanvita, usinipoze. Jibu lako nimekwisha likubali. Jogoo huyu ndiye aliyekuwa akiamsha Zinga nzima, leo uniambie hawiki?"

"Hawiki! Tangu aje hajasema neno. Shangazi, mwambie!"

"Bubu," alisema shangazi. "Kwa watoto nampa heko, lakini kwa sauti ni bubu."

Pazi akatazama alikoonyeshwa. Vifaranga wekundu walikuwa wanaparura kwenye mchicha alioutilia samadi mwenyewe.  Akamtazama Mwanvita, macho mekundu, pua ina unga, na akataka sana kumwamini. Alifungua kinywa aseme.

Jogoo akaruka juu ya kinu, akanyoosha shingo, akapiga mabawa.

"Kokorikooo!"

 Jogoo akaona haitoshi, akawika tena.

"Huyo ndiye bubu?" Pazi aliuliza polepole.

"Wallahi hajawahi!" Mwanvita alikuwa karibu ya kulia. "Wallahi, Pazi, leo ndiyo mara ya kwanza!"

"Enhe!" Sauti ya Bi Dija ilitoka ng'ambo ya ua wa makuti. "Jogoo wangu nimemchinja jana kwa maulidi ya mjukuu, leo hata huyo mwoga wenu kapata ulimi! Toka aje alikuwa kimya, mnamsikia sasa?"

Kicheko kilimwanza Pazi tumboni, kikapanda, mpaka ikambidi ashike mlango wa banda. Alicheka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Nisamehe," alisema. "Niliisikia methali, wewe sikukusikia."

"Na mimi nilidhani lori limekuchukua pamoja na mayai."

"Lori lina fedha, Mwanvita, lakini halijui kuniuliza kama mayai yangu yametagwa na tausi." Akafuta macho. "Mjomba nitamzuia leo leo, kabla hajavaa joho. Vifaranga wametoka. Nipe jibu langu."

Mwanvita akafungua mdomo, lakini shangazi akamtangulia.

"Ngoja! Walicheka barazani, jibu litafika barazani. Wewe nenda ukamtume mshenga kwa adabu. Na huyo jogoo mwache hapa, hachinjwi mtu."

Mshenga alikuja, akakaribishwa, akala mkate. Na Jumatatu jioni Mwinjuma akasimama mbele ya baraza la Zinga, kapiga mswaki na kavaa viatu, amebeba mkate wa mayai umefunikwa kawa, bado una moto. Ulipikwa kwa mayai yaliyotagwa uani Dunda, yasiyopita sokoni wala kuliona lori.

"Bi Mwanaharusi anawasalimu," alisema. "Anashukuru kwa kuku, anashukuru kwa mchicha, na anashukuru kwa kijana wenu. Anasema, jogoo wa Zinga amewika mjini."

Mjomba akasema alhamdulillahi, na wengine wakaitikia. Mzee Mwinyimvua alikuwa ameshakata kipande cha kwanza, na safari hii alikuwa amesikia vizuri. Lakini Pazi, aliyekaa pembeni kwenye mkeka, macho yanang'aa, aliinua mkono.

"Rudia, Mwinjuma," alisema. "Mzee hakusikia."