Mtungi wa Kumi na Mbili

Ngo! Ngo! Ngo!

Darubini aliisikia sauti hiyo akiwa ameinama kwenye karo, mikono imezama katika povu, akisuuza nguo za mpira za wazamiaji. Ilikuwa sauti ya nyundo ikigonga ngazi ya chuma iliyoshuka majini. Kila mtu pale machimboni aliijua maana yake: aliye chini apande, na aanze sasa hivi.

Alibwaga nguo, akakimbia.

Zamani machimbo yale yalitoa mawe ya barabara. Kisha chemchemi zilipasuka chini ya mwamba, maji yakapanda kwa wiki tatu, mashine ya kusaga mawe ikaachwa humo humo. Sasa palikuwa na ziwa la kijani lililozungukwa na kuta za mawe. Wageni walikuja na kubeba mitungi ya hewa mgongoni, wakazama mita ishirini kwenda kuiona mashine hiyo ikiwa imelala kama nyangumi mwenye kutu. Aliyejaza mitungi kwa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, ni mama yake Darubini. Kaka yake aliwasaidia wageni kuvaa, na kesho yake angefanya mtihani wa kuwa kiongozi wa wazamiaji.

Aliyetolewa majini alikuwa mgeni mwenye ndevu. Miguu yake haikumtii. "Kichwa," alisema, "kichwa kinapasuka." Kisha akatapika juu ya viatu vya Kocha.

Kocha ndiye aliyefundisha kuzamia, na eneo lote lilikuwa lake. Hakuvitazama viatu. Alimtazama Mama.

"Dada, huyu ni wa pili wiki hii. Hewa yako ina nini?"

"Hewa yangu haina kitu, Kocha. Chujio nimebadilisha Jumatatu kwa mikono yangu."

"Basi leo hazami mtu tena. Fundi ataikagua mitungi yote. Ikionekana kosa ni la mjazaji, nitatafuta mjazaji mwingine."

Mama alifunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

Darubini hakumtazama Kocha wala mgeni. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Kimya, aliyesimama mbali peke yake, akinusa mdomo wa mtungi kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala.

Fundi huyo alikuwa ameajiriwa miezi miwili tu. Ukimwamkia atasema "marahaba," basi, maneno yamekwisha. Lakini Darubini alikuwa amechunguza, maana jina hilo la utani hakulipata bure. Alijua kwamba Fundi Kimya ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ile iliyozama. Maji yalipojaa, yeye alipoteza kazi. Na sasa watu walikuwa wakicheka na kupiga picha juu ya kazi yake iliyokufa. Mtu kama huyo angekosa kinyongo?

Jioni alimwonyesha kaka yake daftari lake. Kurasa nne zilikuwa zimejaa. *Saa mbili na robo: Fundi amenusa mtungi. Saa tano: Fundi amezunguka nyuma ya chumba cha kompresa, hakuna aliyemtuma. Saa nane: ametazama maji muda mrefu, hakucheka.*

Kaka alicheka kwa niaba ya Fundi. "Wewe mtoto, hata mjusi akipita ukutani utamfungulia faili!"

"Cheka tu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguoni mwangu mna jasho. Niache nisome, kesho nina mtihani."

Asubuhi Darubini alitangulia machimboni, Mama akifuata nyuma. Alipofika karibu na ghala alisikia *ssssss*, mlio mrefu kama wa nyoka aliyekanyagwa. Akajibanza ukutani, akachungulia.

Fundi Kimya alikuwa amechuchumaa kati ya mitungi. Alifungua koki ya mmoja, akanusa, akatikisa kichwa, akaacha hewa yote itoke. Akahamia kwa wa pili. Akahamia kwa wa tatu.

Anaimwaga! Anaimwaga hewa yote! Kaka atakosa mtihani, Mama ataambiwa hakujaza, na huyu atabaki kimya kama kawaida yake!

Fundi alipotoka kwenda kumpokea Mama langoni, Darubini aliingia mbio. Mtungi wa mwisho mstarini ulikuwa na utepe wa njano, mtungi wa kaka yake. Geji ilionyesha umejaa. Aliukumbatia, akaupandisha kwenye toroli, akausukuma hadi nyuma ya vyoo na kuufunika kwa gunia.

Baadaye kidogo Kaka alifika, na Kocha akiwa na mtungi wake mwenyewe, alioujaza mjini. Fundi na Mama walikuwa wamejifungia ndani ya chumba cha kompresa, vyuma vikigongana. Darubini alimvuta kaka yake mkono.

"Nimekuokolea mmoja. Usiulize, chukua."

Kocha aliutazama utepe wa njano. "Huu umekaguliwa?"

Kaka akageuka kumtazama dada yake. Darubini alihisi ulimi unakuwa mzito, lakini aliusukuma.

"Ndiyo, Kocha. Fundi ameukagua asubuhi hii. Amesema uko sawa."

"Haya. Twende kabla upepo haujachafua maji."

Wakashuka ngazini. Mapovu yakapanda juu, yakaelekea upande wa mashine. Darubini alisimama pale kama askari aliyeshinda vita. Kisha akaamua kwenda kumsikiliza adui yake akishindwa.

Dirisha la chumba cha kompresa lilikuwa wazi. Ndani, Fundi Kimya alikuwa akiongea, tena sentensi nzima nzima.

"Tazama hapa, dada. Kompresa ni mnyama anayevuta pumzi. Anavutia kwenye bomba hili la mpira. Mdomo wake unatakiwa kuwa kule nje, juu ya mlingoti, kwenye upepo safi. Mimi nimeukuta huku chini, chini ya dirisha, shubiri moja kutoka bomba la moshi wa injini. Kwa hiyo umekuwa ukiwajazia wageni moshi."

"Mungu wangu! Si mimi niliyeushusha."

"Sijasema ni wewe. Nasema upo mkono ulioushusha."

Darubini alitazama juu. Kwenye mlingoti, mahali pa mdomo wa bomba, palikuwa pamefungwa kamba. Juu ya kamba, nguo tatu za mpira zilikuwa zikikauka juani.

Aliifunga yeye. Jumanne. Nguo zilikuwa nyingi, mlingoti ndio uliopata jua zuri, na lile bomba lilikuwa linamzuia. Alilishusha, akasema moyoni atalirudisha. Kurasa nne aliandika juu ya Fundi, na juu ya mkono wake mwenyewe hakuandika hata mstari mmoja.

"Moshi huo chini majini ni mbaya mara mbili," Fundi aliendelea. "Kadiri unavyozama, ndivyo sumu inavyokukaba. Ndiyo maana nimemwaga mitungi yote. Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja?" Mama aliuliza. "Mbona iko kumi na miwili?"

Darubini hakusubiri jibu. Alikimbia, akaikwapua nyundo iliyoning'inia kando ya ngazi, akagonga chuma kwa nguvu zake zote. Ngo! Ngo! Ngo! Aligonga hadi viganja vikawaka. "Kaka! Kaka!" alipiga kelele, ingawa alijua kwamba chini kule ni chuma tu kinachosikika.

Mapovu yalisimama mahali pamoja. Kisha yakaanza kurudi taratibu, kwa sababu mzamiaji hapandi kwa pupa. Fundi na Mama walifika wakihema. Dakika zile Darubini hatazisahau.

Kichwa cha Kocha kilitokeza kwanza, akimshikilia Kaka kwapani. Kaka alikuwa na macho mazito. "Nasikia usingizi," alisema kwa sauti ya mlevi. Fundi alimlaza, akaleta oksijeni kutoka sanduku la huduma ya kwanza, akamwekea puani na mdomoni. Mama alimpiga piga mashavuni akimwita kwa jina la utotoni.

"Mtungi huu umetoka wapi?" Fundi aliuliza.

Hakuna aliyejua habari ya kamba. Angeweza kunyamaza, lawama zikamwangukia Mama au zikapotea hewani. Darubini alimtazama kaka yake akivuta pumzi, akasema yote kwa mkupuo: kamba, bomba, gunia, na uongo wake kwa Kocha. Alipomaliza alikuwa akilia kwikwi.

"Wewe!" Mama alisema, mkono umeinuka.

"Mwache, dada," Fundi alisema. "Ameigonga ngazi mwenyewe, na amesema mwenyewe."

Kocha alivua miwani yake ya majini. "Na mimi nina langu. Sheria ni kumuuliza aliyekagua. Mimi nimemuuliza mtoto. Dada, nisamehe, kazi yako ni yako."

Daktari wa zahanati alimkalisha Kaka na oksijeni mpaka alasiri, akamruhusu. Mtihani ulisogezwa wiki mbili mbele. Jioni, Fundi Kimya alimkuta Darubini ameketi chini ya mlingoti. Bomba lilikuwa limerudi juu. Kamba ilikuwa imehamia uani.

"Umeniandika kurasa ngapi?" aliuliza.

"Nne. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akaketi. "Basi ongeza hii. Kabla maji hayajajaa hapa, tulikuwa tukiyavuta kwa pampu ya petroli. Siku moja mvua ilinyesha, rafiki zangu wawili wakaiingiza pampu pangoni isilowe. Walisinzia kwa moshi wake. Nilipowafuata, walikuwa hawaamki tena. Tangu siku hiyo nanusa kila kitu, na maneno yamenipungukia. Nikitazama maji, nawatazama wao."

Darubini aliyageukia maji. Fundi akaendelea:

"Umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Macho yako ni makali, mwanangu, usiyang'oe. Ila mtu ukimshuku, muulize kabla hujamhukumu. Na kosa lako liseme likiwa bado dogo. Likifichwa hukua, likafika mita ishirini chini likamsubiri mwenzako."

Darubini alifuta pua kwa mkono wa shati, akasimama mbele yake wima.

"Fundi, nakuahidi. Kila asubuhi, kabla Mama hajawasha injini, nitautazama mdomo wa bomba na kukwambia uko wapi. Na siku nitakayousogeza, hata kwa kidole, utasikia kutoka kwangu kwanza."